Gunia Lililokuwa Likipumua

Jamani, leo nimeadhirika. Mashahidi ni wakulima wote wa pamba wa Nyamuswa.

Mnajua napima pamba kituoni pamoja na Wambura. Mimi ni domo kaya. Yeye hata salamu anaitoa kwa nyusi. Tangu wanunuzi binafsi waje, ushirika unapunguza watu, na juzi meneja alituambia wazi: "Msipoelewana, mmoja anakwenda nyumbani." (Mimi ndiye niliyemshitaki kwamba ananinunia.) Nina watoto shuleni. Kazi hii naitaka.

Basi leo nikawahi alfajiri, nionekane. Mlinzi akasema hajaona mtu akiingia. Nikaingia ghalani. Giza na harufu ya pamba. Kisha nikasikia: du. Du. Du.

Lile gunia refu tunalolitundika kwenye boriti, ambalo mtu huingia ndani kuikanyaga pamba ishuke, lilikuwa linacheza. Linavimba, linanywea. Nikaita, "Wambura?" Likatulia. Nikanyamaza. Likaanza tena, taratibu zaidi.

Nywele zikanisimama. Mimi nikiogopa huwa naongea (nisipoogopa pia). Nikaita jina lake, la baba yake, la marehemu babu yake. Kila nikiita, gunia linaganda. Halafu pale juu kikachomoza kichwa cheupe, hakina macho.

Mimi, niliyepitia mgambo, nikatoka mbio. Kandambili zikabaki. Nikaanguka katikati ya foleni ya wakulima iliyokwisha kujipanga nje, miguuni pa meneja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, nikipiga kelele, "Mzimu! Umevaa pamba!"

Kichwa kikafuata mlangoni, kikajifuta uso. Wambura. Kumbe aliingia mlinzi akiwa amesinzia, na ameogopa kuliko mimi.

"Mbona hukuitika?" meneja akamuuliza.

"Kwetu sauti ya gizani hatuitikagi mpaka tuone uso. Na huyu ameita mpaka babu. Nikajua marehemu wamenifuata."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Meneja hakucheka. Akamuuliza Wambura kama bado anaweza kufanya kazi na mimi. Mkate wa wanangu ulikuwa mdomoni mwa mtu asiyesema.

Wambura akafikiri. Akafikiri sana. (Nilitaka kumsaidia kujibu, nikajiziba mdomo kwa mkono.)

"Naweza," akasema. "Ila akinitaka, aje mbele yangu. Halafu anyamaze."

Nimebaki kazini. Nimenyamaza tangu asubuhi mpaka tunafunga ghala, ndiyo maana nyie mnayapata yote haya kwa mkupuo. Msicheke, bado sijamaliza.