Ubao wa Kabla na Baada ya Kuhamia

Jumatatu, 10 Juni 1974. Ngumbo.
Ijumaa anakuja Bwana Mganga wa Wilaya kutoka Mbinga. Atachagua mmoja wetu kwenda kozi Songea: mimi, mganga wa zahanati, au Nesi Notburga. Yaani mimi. Zahanati hii imenichosha!
Notburga anapoteza muda kwa kila mtoto. Mara amtazame meno, mara ambebe, mara aulize umri. Akina mama hawajui mwaka waliojifungua. Lakini siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, nani asiyeikumbuka? Loo! Nimepata.

Jumanne, 11 Juni.
Ubao umekamilika, rangi nyekundu. KLOROKWINI, DAWA YA MALARIA. Aliyezaliwa kabla ya kuhamia: kidonge kizima. Wakati wa kuhamia: nusu. Baada ya kuhamia: robo. Hakuna kuumiza kichwa. Notburga akauliza mizani ya watoto iko wapi. Nikamjibu iko matengenezoni. (Iko nyumbani kwangu, napimia usipa, dagaa wangu wa biashara.) Wivu tu unamsumbua.

Jumatano, 12 Juni.
Saa nne foleni imekwisha! Nimetangaza mbele ya wote kwamba ubao haubishiwi, hata na mimi mwenyewe. Siwezi kutulia. Nimefunga sanduku la safari, nimelifungua, nimelifunga tena.

Ijumaa, 14 Juni.
Balaa. Bwana Mganga kaketi, mimi nang'aa. Akaingia Zita na kichanga chake, Urban, kinachemka kwa homa. Nikauliza kazaliwa lini. Kabla ya kuhamia, akasema. Kumbe wao wameteremka kutoka mlimani na kuhamia hapa mwezi uliopita tu! Ubao ukasema kizima. Nikaogopa, kusema kweli. Lakini nilishatangaza. Nikasaga kidonge, nikachota kijiko.
"Mganga," Zita akaniambia, "huyu hata meno hana."
Nikamwambia ubao hauulizi meno. Nikasogeza kijiko. Urban akapiga teke, dawa yote kwenye suruali ya Bwana Mganga. Akauliza nani kaandika ubao. Nikasema tulishauriana na Nesi Notburga. Notburga akauliza tu mizani iko wapi. Ikabidi niitume iletwe kutoka nyumbani kwangu, inanuka usipa. Urban akapimwa, akapewa dawa inayomfaa.

Jumamosi, 15 Juni.
Urban homa imeshuka, ananyonya. Nilifurahi mpaka nikajificha stoo nikalia. Notburga ndiye anayekwenda Songea. Bwana Mganga kaamuru ubao ushushwe: watu hawakuhamia mwaka mmoja, na mtoto anapimwa. Nimeelewa kabisa.
Kwa watoto, lakini. Wazee hakuwataja. Nimegeuza ubao, upande wa pili ni safi, na rangi imebaki. Aliyezaliwa kabla ya vita vya Majimaji: vidonge viwili. Wakati wa Majimaji: vitatu. Baada ya Majimaji: vinne. Vita hivyo vilipiganwa mara moja tu, hapo hakuna wa kunibishia.