Chini ya Meza ya Mwanyumba

Jumatatu, 3 Juni

Mshtuko! Baba mkwe anastaafu useremala. Katangaza leo huku anafunga boksi la misumari, utadhani anaomba chumvi. Mikono inatetemeka, kasema, na karakana inataka mtu mmoja wa kuishika. Mmoja! Sisi tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, mume wa shemeji, anayepiga msasa kama anabembeleza mtoto. Kila mmoja ana meza yake ya mbao ya mkangazi. Jumamosi zinakaguliwa. Meza bora, ufunguo wa karakana.

Miaka kumi nautamani ufunguo ule. Mke wangu kasema nikiukosa nisimlaumu baba yake. Kwa nini niukose?

Jumanne, 4 Juni

Nimeipaka meza yangu rangi ya mafuta, kahawia ya kukolea. Mwanyumba aliipaka yake wiki iliyopita. Bado kaiacha tu, ati ikauke!

Nikaenda kwa muuza rangi kuuliza vanishi gani ya kumalizia, ile isiyo na rangi. Nilitaka jibu la neno moja. Nikapewa mhadhara! Ya mafuta ni imara lakini huwa ya manjano. Ya maji haibadiliki na hukauka upesi, ila rangi ya chini iwe imekauka kabisa. Nta ni laini mkononi, lakini kikombe cha moto huacha duara. Kasema nijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao hiyohiyo kilichopakwa rangi na kukauka. Vipande vyangu vyote nilivichoma jana kuchemshia chai.

Kisha wazo likaja. Meza ya mwanyumba! Mkangazi uleule, na rangi yake imekwisha kukauka. Nani huchungulia chini ya meza?

Jumatano, 5 Juni

Mwanyumba alipokwenda kula, nikalala chali chini ya meza yake. Mistari mitatu: vanishi ya mafuta, vanishi ya maji, nta. Nikaandika 1, 2, 3 kwa penseli nisije nikachanganya. Tone likaniingia jichoni.

Mara miguu ya baba mkwe! Akauliza natafuta nini huko. Nikasema msumari. Akasema meza ile haina msumari hata mmoja. Nusura nizimie. Akaenda zake.

Alhamisi, 6 Juni

Namba mbili! Ya maji! Safi kama kioo. Nikaipaka meza yangu yote papo hapo. Kama imeshika kwa mwanyumba, kwangu itakosaje? Yeye akapita, akanusa, akauliza kama rangi ya chini imekauka. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa! Vanishi imejikusanya vitone vitone. Nimeigusa kwa kucha ikabanduka kama utando wa maziwa! Nikafuta kwa thina, na rangi nayo ikatoka. Sasa meza ina mabaka kama ng'ombe. Mke wangu kaitazama weee, kisha kauliza kama ndivyo nilivyokusudia. Nimesema ndiyo.

Jumamosi, 8 Juni

Ukaguzi! Mzee hakutazama juu ya meza. Kazipindua! Zote mbili, miguu hewani! Ati juu kila mtu hujitahidi, fundi huonekana chini.

Chini ya yangu: michirizi, na alama ya kiganja changu, vidole vyote vitano. Chini ya ile nyingine: 1, 2, 3. Mwanyumba akatumbua macho. Baba mkwe akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya kila mstari.

"Huyu ndiye fundi," akasema. "Kajaribu kwanza, tena pasipoonekana."

Mwanyumba, mtu mkweli hadi anaudhi, akasema baba, mimi sikuandika haya. Mzee akadhani ni unyenyekevu, akamsifu!

Nikafungua mdomo. Mwandiko ule ni wangu! Ile mbili yenye mkia mrefu ni yangu! Nikaufunga. Ningesemaje, kwamba nilitambaa chini ya meza ya mwenzangu? Ufunguo ukakabidhiwa mbele ya macho yangu. Mke wangu akaitazama ile mbili, akanitazama mimi. Anaujua mwandiko wangu. Akanigeuzia mgongo, na hilo limeniuma kuliko ufunguo.

Jumapili, 9 Juni

Ajabu! Mwanyumba hana kinyongo. Kasema niikwangue meza, niipake upya, nisubiri ikauke, na kazi ipo karakanani. Kanipa hata kipande cha mkangazi cha kujaribia vanishi, tayari kina rangi. Moyo mzuri, sikatai.

Kipande nimekiweka mlangoni, mlango usijifunge kwa upepo. Kimefaa sana. Lakini sasa nijaribie wapi?

Kule sebuleni kwa baba mkwe kuna kiti chake. Mkangazi mtupu, rangi imekauka tangu mke wangu hajaolewa. Mzee hukikalia kutwa. Nani atakipindua?

Na safari hii siandiki namba. Naandika herufi.