Kocha wa Koridoni

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Timu yetu ya mtaa imefungwa mabao kumi na tisa katika mechi sita, na kocha wa mabeki ameacha kazi kwa ujumbe wa simu. Mwenyekiti wa klabu, yule mwenye duka la dawa, ametutaka sisi wa tawi la mashabiki tumpelekee jina moja Alhamisi.

Tumekutana karakanani kwangu, katikati ya mageti mawili yanayosubiri rangi. Mpima Ardhi amempigia debe binamu yake, mwenye cheti cha muhuri wa dhahabu. Cheti kikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Muuza Magodoro akamtaja beki mmoja mstaafu, akamsifu nusu saa nzima, mpaka mtu akamkumbusha kwamba alishafariki. Tukavua kofia kwa heshima.

Mimi jina ninalo. Langu! Nimechomelea mageti miaka kumi na saba, nani anajua kuzuia watu kunizidi? Jioni nimepeleka koti langu la bluu likaandikwe KOCHA mgongoni.

Jumanne, 4 Machi

Kikwazo kimoja tu: sijui lolote kuhusu mabeki. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili, anatibiwa goti. Namheshimu mno, siwezi kukaa naye sebule moja, kwa hiyo nala koridoni, juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Leo walikuwa wanatazama mpira, yeye na mke wangu. Mama huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka ishirini na minane. Nikamsikia akisema, taratibu kabisa:

"Huyu beki anamfukuza mtu. Mtoro hafukuzwi, mwanangu. Unatangulia, unasimama pale anapotaka kufika, halafu..."

Ya halafu sikuyangoja. Nikakimbilia kalamu. Niliporudi wameshahamia kwenye habari za goti. Si neno, kitu ninacho.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimesimama mbele ya tawi zima, nimeegemea geti, nikasema: mtoro hafukuzwi. Muuza Magodoro akaniomba nirudie aandike. Mpima Ardhi akauliza nimesomea wapi. Nikamjibu kwamba si kila elimu ina muhuri. Akauliza tena: beki akishasimama pale, kinafuata nini? Nikamtazama kwa huruma mpaka akakaa mwenyewe.

Kura kumi na moja kwa mbili. Hizo mbili ni ya Mpima Ardhi na ya binamu yake, ambaye hata si mwanachama. Mwenyekiti amekubali, ila kwa sharti: nijaribiwe kwanza kwenye mechi ya kirafiki Jumamosi. Mke wangu ameniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Nimemwambia ni kipaji. Amecheka peke yake jikoni muda mrefu sana. Hata nyumbani hawakosi wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Koti mwilini. Nikawaambia mabeki wangu wasimame pale adui anapotaka kufika. Beki wa kushoto, ambaye siku za kazi hufyatua matofali, akauliza adui anataka kufika wapi. Swali la kitoto. Golini, nikamwambia.

Basi wote wanne wakaenda kusimama golini. Kipa haoni mbele. Tumepigwa matatu kabla ya mapumziko, moja limegonga sikio la Mfyatua Matofali likaingia. Nyuma yangu Mpima Ardhi akawa anapima kwa hatua uwazi tuliouacha na kuwatangazia watu. Nilitamani ardhi inimeze, ila yeye angeipima kwanza.

Mama mkwe alikuwa pale kwenye mstari, juu ya kigoda. Mke wangu alimleta anyooshe mguu. Wakati wa mapumziko akawaita mabeki kwa kidole kimoja, wakaenda wameinamisha vichwa. Mimi nikabaki mbali kwa adabu, lakini nilisikia.

"Kila mmoja achague mtoro wake mmoja. Mjue anapenda kupitia wapi, mtangulie. Akikuona umesimama unamtazama yeye, si mpira, ataghairi mwenyewe."

Kisha, bila hata kugeuka, akaongeza: "Na aliyekuwa koridoni angeingia sebuleni, angeyapata yote haya tangu Jumanne."

Kipindi cha pili hakupita mtu. Sisi tukafunga manne. Nne kwa tatu! Nimebebwa juu juu na Muuza Magodoro, ingawa baadaye alisema alinifananisha.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi kamili. Mwenyekiti amekuja nyumbani na barua: kocha wa mabeki ni mama mkwe. Akauliza kama kuna koti. Nililivua mwenyewe. Limemkaa kuliko mimi. Nakiri iliniuma, kama dakika moja na nusu. Lakini mwenye nyumba ni nani? Mwenye ndoo ni nani? Nimepewa nafasi benchini: nabeba kigoda na dawa ya kuchua goti. Mpima Ardhi atatutazama kutoka jukwaani, yeye na cheti chake. Roho yangu kwatu!

Na kuna kubwa zaidi. Kocha wa washambuliaji ameondoka jioni hii, hataki kuambiwa na mama achomekee shati. Nafasi iko wazi. Sasa hivi mama yuko sebuleni anamsimulia mke wangu jinsi wale wasichana wajanja kabisa walivyoweza kutoroka. Ameniita niingie, mara mbili. Nimemshukuru, nikabaki kwenye ndoo yangu.

"Haruki ukuta mtu peke yake," anasema. "Mmoja anampigia mlinzi kelele upande huu, wa pili..."

Nimekimbilia kalamu. Nusu inanitosha. Kesho asubuhi napeleka koti la kijivu likaandikwe.