Kimya cha Edmundi Darajani

Jumanne, 1 Julai 2025

Faudhia anahama! Habari nimeipata kwa mama, naye kaipata sokoni kwenye dagaa. Mjomba wake anafungua duka la vitenge Kibondo, na yeye ndiye atakayelisimamia. Anaondoka Sabasaba ikipita. Ugali ulinishinda.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakufa: mimi ni Nurudini, mwenye kibanda umiza cha kuonyesha filamu, kinachotazamana na duka la mjomba wake hapa Kasulu mjini. Watu huniita Dijei Nuru. Filamu inasema Kizungu, mimi nashika maiki naigeuza Kiswahili papo hapo. Kizungu chenyewe nakijua nusu. Nusu nyingine naitoa moyoni. Hajawahi kulalamika mtu, isipokuwa Faudhia.

Nampenda tangu msimu wa maharage wa mwaka juzi. Kila asubuhi anafungua duka, anatundika vitenge vya njano mbele na vya bluu nyuma, kisha anapiga mwayo mkubwa akidhani haonekani. Anaonekana. Sijamwambia. Mtu huwezi kuingia dukani kwa watu na kusema jambo kama hilo. Mara zote nilizoingia nimetoka na kanga. Mama anazo za kutosha sasa, na majirani wameanza kupewa.

Jumatano, 2 Julai

Mpango umepatikana! Faudhia ana kitabu kimoja akipendacho kuliko vyote, Binti wa Kinu. Riwaya ya zamani ya huko Ulaya, imetafsiriwa, jalada limeshang'oka. Anaisoma wateja wasipokuwapo, na mara nyingine wakiwapo. Klara ni binti wa msaga nafaka. Mashine yao inazungushwa na mto. Edmundi ni mpima ardhi. Wanapendana, hawaambiani. Kuna daraja. Ninayoyajua ni hayo. Kitabu sijakisoma, ni kinene na hakina picha.

Lakini filamu zake ninazo! Moja ya zamani, ya vipande sita, ingawa cha sita kwenye flashi yangu hakijawahi kufunguka. Nyingine ya Kihindi. Nitazionyesha alasiri, saa ya heshima, wanawake waje. Faudhia alinganishe. Tukifika darajani, maneno ya Edmundi yatakuwa yangu. Ataelewa tu.

Nimevuka barabara kumkaribisha. Akasema atakuja, ila tafadhali pale darajani nisiharibu. Nikamjibu daraja aniachie mimi. Nimerudi na kanga.

Alhamisi, 3 Julai

Haidari, mpinzani wangu! Shetani mwenye runinga ya ukuta mzima! Kabandika tangazo kwenye banda lake kwamba ana Binti wa Kinu mpya kabisa, na tafsiri imerekodiwa Dar. Halafu kaonekana akipeleka sambusa dukani kwa Faudhia. Anadai ni za mjomba. Mjomba yuko Kibondo!

Nilikwenda kuipeleleza, nimevaa barakoa na koti la marehemu baba. Edmundi wao ni mzuri kupita kiasi. Kifua wazi, na nchi yenyewe mtu akihema unauona mvuke. Mpima ardhi, lakini hapimi hata shamba moja. Klara wao anacheka mno. Darajani mvua inanyesha, Edmundi anamkumbatia, na hapo Haidari akasimama mbele ya runinga akatandaza kanzu kwa ajili ya heshima ya wazee waliokuwamo. Tukamaliza mapenzi mgongoni mwa Haidari. Nililia hata hivyo, kidogo.

Aliyenitambua ni Adolphe, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayenitengenezea spika siku akipata kibali cha kutoka. Akasema yeye aliiona ya Kifaransa, zamani akiwa Bukavu, ndefu sana. "Ule Edmond anaongeaka, ndugu, anaongeaka mpaka mutu unasinzia." Nikamwambia anyamaze, nimejificha. Akanijibu koti hilo mji mzima wanalijua.

Ijumaa, 4 Julai

Aibu.

Baada ya swala watu walijaa. Faudhia alikaa benchi la nyuma la wanawake, na kitabu mapajani. Filamu ya zamani rangi zimepauka, Edmundi ana kofia na miguu myembamba, lakini anapima kweli, anatembea na kamba na vigingi. Nilimtafsiri kwa adabu. Nilimwona Faudhia akitikisa kichwa kukubali!

Tukafika darajani. Klara kabeba mzigo, anahama. Anamtazama Edmundi. Edmundi anamtazama. Maji yanapita. Hakuna anayesema. Maji yanaendelea kupita.

Nani angevumilia? Katika kazi hii dijei akinyamaza watu wanajua maiki imekufa, wanaanza kupiga mbao. Basi nikasema. Klara usiende, nikasema. Tangu msimu wa maharage nakutazama ukitundika vitenge vyako, njano mbele, bluu nyuma, na siku usipofungua mimi siku hiyo siioni.

Bodaboda wa mbele akauliza kwa sauti vitenge Ulaya vimefikaje. Mwingine akataka kujua kama Edmundi ni mpima ardhi au fundi cherehani. Kibanda kizima kikacheka. Faudhia akainuka akatoka. Nikamwacha Edmundi na mto wake nikamkimbilia. Macho yake yalikuwa na machozi. Akaniambia kwamba kile kimya ndicho kitabu chenyewe, na mimi nimekikanyaga. "Pale hasemi kitu, Nurudini! Hasemi kitu!"

Jumamosi, 5 Julai

Nimewaza tangu alfajiri na nimeuona mwanga. Kimya kingi kina mshindo mkuu! Faudhia anampenda mwanamume asiyesema! Na mimi nimekuwa nikipayuka kwenye spika mbili tangu anifahamu. Kumbe dawa ilikuwa hapo hapo.

Nimenunua kofia na kuanza mazoezi ya kunyamaza. Mama akanisalimia kwa Kiha, mwakeye, nikagusa kofia tu. Akadhani jino, akanitia karafuu mdomoni.

Alasiri ikawa zamu ya filamu ya Kihindi. Sikutegemea aje. Alikuja! Humo kinu kimekuwa kiwanda cha sukari, na mama yake Klara, ambaye Faudhia anasema kitabuni alikufa kabla hadithi haijaanza, yu hai na anaimba. Darajani Edmundi anapiga ukoo mzima, kisha wanaimba juu ya milima na kila mlima una nguo zake. Hakuna aliyenyamaza hata mara moja. Faudhia alicheka mpaka kanga ikamdondoka mabegani. Nilikuwa na maiki mkononi na nikasahau kazi. Wimbo mzima nikamtazama yeye tu. Nitatazama nini mimi, duka likifunguliwa na mtu mwingine?

Jumanne, 8 Julai

Ameondoka.

Stendi asubuhi, baridi, vumbi jekundu. Nilivaa kofia. Haidari alikuwepo na sambusa za njiani, akaongea kupita redio: barabara, hali ya hewa, umuhimu wa kunywa maji. Faudhia akamshukuru. Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza, una neno, Nurudini?

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa mpaka masikioni. Lakini nikakumbuka daraja. Nikasimama. Nikashika kofia. Badala ya maji likapita vumbi, na mbuzi wa mtu. Akangoja. Konda akawa anaita Kibondo, Kibondo. Akaniuliza tena, safari hii polepole, akinitazama usoni kama mtu anayetafuta bei iliyofutika kwenye kitambaa. Nikanyamaza. Wallahi nilinyamaza vizuri kuliko Edmundi mwenyewe, na miguu yangu pia ni myembamba.

Akapanda. Basi likaondoka. Ushindi mkubwa! Sasa hivi lazima analia huko njiani kwa mapenzi.

Sijui kwa nini ninayelia ni mimi.

Jumatano, 9 Julai

Binamu yake, Firdausi, amefungua duka. Katundika bluu mbele. Hajui chochote huyu mtoto wa watu.

Mama kauliza nilimwambia nini Faudhia. Nikajibu kwa fahari kwamba sikumwambia kitu. Akaniangalia sana. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akaenda kulisha kuku.

Nikavuka barabara. Nikamuuliza Firdausi, kama mtu asiyejali, kama Faudhia alisema lolote kuhusu kimya changu. Akasema alipiga simu, hakutaja kimya chochote, alitaja kofia tu. Nikamweleza basi juu ya Edmundi. Firdausi akaacha kupima kitambaa. Akaniuliza kama nimesoma kinachofuata baada ya daraja.

Kinachofuata! Kipande cha sita!

Klara anamngoja mwaka mzima. Haji. Anaolewa na mwenye mikokoteni anayempeleka mjini, na siku ya mwisho anamwambia Edmundi kwamba pale darajani neno moja lingetosha, hata kama angelisema vibaya. Firdausi anasema Faudhia akifika hapo hukipiga kile kitabu kwa kiganja na kumwita Edmundi bwege. Analia kila mara kwa hasira. Anakipenda kile kimya kwa sababu kinamuuma.

Nimerudi na kanga mbili. Nimeivua kofia.

Jumamosi, 12 Julai

Kibondo! Nimekuja na projekta, spika na shuka jeupe la mama. Mjomba wa Faudhia, mtu muungwana, kaniombea ghala la jirani. Linanuka maharage. Nikaona ni dalili njema.

Mpango wa leo ulikuwa rahisi kuliko yote. Naonyesha ile ya zamani. Darajani naisimamisha picha. Nasema kwa jina langu, kwa mdomo wangu: Faudhia, nakupenda, nataka nilete posa. Nilikariri njia nzima. Jirani yangu kwenye basi alifikiri nasoma dua, akaitikia amina.

Watu walikuja. Wanawake wa sokoni, wafanyakazi wa shirika moja la kambi ya Nduta waliokuwa mapumziko, mafundi wa pikipiki. Faudhia akaketi katikati. Anapendeza Kibondo. Inaniuma kuandika hivyo. Darajani nikaisimamisha picha, Edmundi mdomo umefungwa. Nikaishika maiki. Nikavuta pumzi. Nikavuta nyingine.

Faudhia akasimama. Mwanga wa projekta ukampiga, nusu ya uso wa Klara ikakaa begani kwake. Akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Na wewe Nurudini, unasemaje?"

Ghala zima likanigeukia. Ya Rabi! Sijawahi kuulizwa jambo zuri kama hilo tangu nizaliwe. Na mimi, dijei wa miaka yote hii, nikainua maiki mdomoni na kutafsiri:

"Klara anamuuliza Edmundi: na wewe, unasemaje?"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasema tafsiri imenyooka. Wakakaa wakimngoja Edmundi ajibu, na Edmundi nilikuwa nimemsimamisha mimi mwenyewe. Faudhia alibaki amesimama kidogo. Kisha akaketi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Kucheka au kulia, sikuweza kujua. Nikaiachia picha iendelee.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi alikuja mwenyewe stendi, na chai kwenye chupa na chapati. Nikala nikiwa nimesimama. Nilitaka kumwambia samahani, nikamwambia chapati ni laini.

Akasema Haidari alipiga simu jana kumposa, naye amemkatalia kwa upole. Akasema pia kwamba mwenye lile ghala la maharage ni mwanamume aliyefiwa na mkewe, na ni mtu anayejua kusema. Halafu akanitazama. Akasema duka lake lipo pale kona, linafunguliwa kila asubuhi, na mwenye haja huingia akasema anachotaka, hata kama atakisema vibaya.

Chai ikanimwagikia. Basi lilikuwa halijajaa. Nikamfuata mpaka dukani. Vitenge vya njano mbele, vya bluu nyuma. Akazunguka meza, akaweka mikono juu yake, akaniuliza nihudumiwe nini.

Nimenunua kanga.

Lakini sasa niko kwenye basi na nimepata mpango, na huu hauna kasoro. Nimempigia Adolphe. Ile ya Kifaransa ipo, anaweza kuipata! Ambamo Edmundi anaongea! Ni sehemu nyingi mno. Kila wiki nitaileta moja Kibondo, nami kila wiki nitamtafsiri Edmundi polepole, bila haraka, neno baada ya neno, na tukifika darajani Faudhia atakuwa ameshajua kila kitu na sitakuwa na haja ya kusema.

Ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Adolphe anasema humo daraja bado halijajengwa.