Stiki ya Mutai na Safari ya Ndafu

Jumatatu, 6 Mei 2024

Gari limetimiza maili elfu nane na mia tisa tangu oili ibadilishwe. Oili ya sintetiki! Chupa inasema elfu kumi. Nimebakiwa na maili elfu moja na mia moja za haki yangu, na dunia nzima inataka kuninyang'anya.

Dunia nzima ni watu wawili. Wa kwanza ni binti yangu Irene, nesi, mwenye gari. Jumamosi nitabeba ndafu kutoka hapa Beltsville, huku ughaibuni, hadi Woodbridge, kwenye sendoff ya Queen anayeolewa, mtoto wa Honorata, Mchaga mwenzetu. Mbuzi mzima aliyechomwa, majani mdomoni. Mchaga yeyote anajua: sherehe bila ndafu ni mkutano tu. Lakini gari likizima njiani, asema Irene, funguo atachukua yeye, na baba atapanda basi.

Wa pili ni Mutai wa ghorofa ya chini, Mkenya, dereva mstaafu. Hubadilisha oili kila maili elfu tatu, kama baba yake alivyofanya kwa trekta kule Kericho. Kamwambia Irene, mbele yangu, kwamba Mwalimu anataka kuzika gari likiwa hai. Halafu akajitolea kubeba ndafu yeye. Mutai abebe ndafu!

Nimefundisha kemia Moshi miaka thelathini na miwili. Nitathibitisha kisayansi.

Jumanne, 7 Mei

Nimemweleza Irene. Oili ya kawaida ni kama watu sokoni: wakubwa, wadogo, wanakanyagana. Sintetiki ni gwaride. Molekuli za kimo kimoja, zinateleza bila kugombana, hazichoki upesi. Amenijibu kwamba anachelewa kazini.

Jaribio ni hili. Nachomoa stiki ya kupimia oili, nadondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Uchafu unabaki katikati, oili inasambaa pembeni. Tone langu ni jeusi, lakini duara lake linapendeza. Weusi si ugonjwa. Aproni ya mpishi nayo huchafuka.

Ila jaribio bila kitu cha kulinganishia ni porojo. Nahitaji tone la Mutai. Kumwomba? Thubutu! Atavimba kichwa.

Jumatano, 8 Mei

Kila Jumatano asubuhi Mutai hufungua boneti, huifuta injini kwa kitambaa, halafu huingia ndani kunywa chai. Dakika kumi kamili. Nilishuka na karatasi, na stiki yangu mkononi ili nilinganishe rangi papo hapo. Nikachomoa yake. Zinafanana kama mapacha, mpini wa njano zote mbili.

Nimeshadondosha tone, mara Jelagat, mke wa Mutai, akatokea kibarazani. Akauliza kama Mwalimu amepoteza kitu. Nikasema nimekuja kusalimia. Akauliza tangu lini nasalimia injini. Nikarudisha stiki haraka, nikaaga kwa heshima, nikaondoka kama mtu asiye na kitu kwenye mkono wa koti.

Tone la Mutai ni la dhahabu, safi kama asali. Kwa hiyo anamwaga oili nzima! Ushindi.

Alhamisi, 9 Mei

Ajabu kubwa. Nimepima oili yangu asubuhi, imepita alama ya juu kwa mbali. Inaongezeka yenyewe! Nimekaa saa nzima nikifikiri kwa furaha. Joto la Mei? Sintetiki hufura ikizeeka? Jambo hili sijalisoma popote. Huenda ni ugunduzi.

Lakini oili ikizidi, injini huipiga ikatoka povu. Nimeazima bomba kubwa la sindano la Irene, nikaunga mpira, nikavuta. Chupa moja ya maji imejaa. Bado imezidi. Chupa ya pili. Sasa iko sawasawa.

Mutai alipita amekunja uso. Gari lake limeanza kunywa oili ghafla, analipeleka kwa fundi kule Langley Park. Nikampa pole. Nikamweleza kwa upole kwamba labda analibadilishia oili mno. Hakushukuru.

Jumamosi, 11 Mei

Ndafu kiti cha nyuma, amefungwa mkanda. Irene pembeni yake, ameshika pembe. Mutai na Jelagat wanatufuata nyuma.

Tumekaribia Woodbridge, ikawaka taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone. Nikamweleza Irene kwamba taa hiyo huonyesha presha ya oili, si ubora wake. Injini ikaanza kugonga. Irene akaniamuru nisimame, kwa ile sauti ya wodini. Nikaegesha pembeni. Malori yakatupita yakitutikisa na mbuzi wetu.

Mutai akafungua boneti. Akachomoa stiki, akaitazama muda mrefu. Akasema ni yake, alikwaruza herufi M kwenye mpini. Kisha akatoa nyingine mfukoni. Fundi alimwambia jana kwamba hii ni fupi, si ya gari lake, naye akalala akijiuliza ni ya nani. Ile ndefu yake ilizama zaidi kwenye oili yangu. Ndiyo maana ilionekana imezidi. Nilipoanza kueleza, Jelagat akauliza kama leo pia nilikuwa nasalimia.

Irene akaninyooshea kiganja. Nikaweka funguo.

Ndafu ameingia ukumbini begani kwa Mutai. Vigelegele! Honorata amemlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake. Haya nimesimuliwa. Mimi nilikuwa barabarani, nasubiri gari la kuvuta.

Jumapili, 19 Mei

Injini imepona. Funguo hazijarudi. Mutai hunipeleka kanisani bila kunisema hata neno, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimetafakari sana. Sintetiki haina kosa. Jaribio lilikuwa na dosari moja tu: stiki hazikufungwa utepe. Limeisha hilo.

Leo Mutai alisimama dukani kununua maziwa, injini akaiacha inaunguruma. Nikawaza: oili ya injini anaibadilisha kila siku, je, ya gia? Nikanyoosha mkono, nikafungua boneti, nikashuka na kuchomoa stiki ya gia. Nyekundu, nzuri kama juisi ya rozela! Tone nimelipata, boneti nimeifunga, na kitini nimewahi kabla hajatoka.

Tumefika salama. Nimevua koti. Ndani ya mkono wake kuna stiki.

Nitamrudishia kesho. Nikishaipima urefu.