K ya Kulia, K ya Kushoto

Jumanne, 9 Juni

Mama hapandi tena kwenye pikapu yangu. Leo amejaribu mara tatu, goti limegoma. Mguu unafika hewani, unarudi chini. Kosa si langu. Haya, kosa ni langu kidogo: mwezi uliopita niliweka tairi kubwa ili gari lionekane la kibabe, na jirani yetu, fundi majokofu ambaye mtaa mzima unamwita Profesa, aliniambia nitajuta. Sijajuta. Ila Jumapili Mama anataka kwenda kumwona dada yake, mama yangu mkubwa, na hawajaonana tangu mwaka jana. Simu haisaidii, maana mama mkubwa masikio yamekufa kabisa. Siku hizi kuongea naye ni kushikana mikono na kutazamana usoni.

Nimejitolea kumbeba. Amekataa katakata. Amesema yeye ndiye aliyenibeba mimi, tena miezi tisa, na mambo hayo hayageuzwi mbele ya majirani. Kigoda je? Amesema hapandi gari kama kuku anayerukia bandani.

Basi nimeamua. Nitafunga vikanyagio vya pembeni, vile vya chuma ambavyo mtu anakanyaga kwanza ndipo aingie. Kwa mikono yangu mwenyewe! Mke wangu ameuliza kwa nini nisimwite Profesa. Nimejifanya sijasikia.

Jumatano, 10 Juni

Nimevileta! Viwili, vyeusi, vinang'aa. Muuza vipuri, mtu makini sana, ameandika kwa chaki kila kimoja ni cha upande gani, ili nisihangaike. Nimefika nyumbani, nimeangalia. Kimoja kimeandikwa K. Vizuri, kulia. Nikageuza cha pili. K.

Yaani nimeuziwa vya kulia vyote! Nimerudi dukani mbio, nimefoka mpaka wateja wakanyamaza. Muuzaji amenisikiliza kwa upole, halafu akaeleza kwamba K moja ni ya Kulia na K nyingine ni ya Kushoto. Nikamwuliza ipi ni ipi. Akasema si ameandika?

Mwishowe amekumbuka kwamba cha kulia ndicho alichonikabidhi kwanza. Shida ni kwamba nyumbani nilishavigeuzageuza. Sikumwambia. Nimemshukuru, nimeondoka na heshima zangu.

Profesa amechungulia juu ya ukuta, ameuliza kama nahitaji mkono. Nimemjibu kwamba ninayo miwili, inatosha.

Alhamisi, 11 Juni

Chini ya gari tangu asubuhi. Kutu jichoni. Bolti, washa, nati, spana namba kumi na saba. Kazi ya kitaalamu hii!

Tatizo dogo: kulia ni kulia kwa nani? Nikisimama mbele ya gari nikalitazama usoni, kulia ni huku. Nikikaa kwenye usukani, ni kule. Mke wangu amesema gari lihesabiwe kama mtu, kulia kwake ni kulia kwake. Nimemwambia gari halina mikono. Nimeamua kulitazama usoni, ndiyo adabu.

Mama alikaa barazani siku nzima, anachambua mboga, jicho kwangu. Kila nikigonga kidole anasema pole kabla hata sijapiga kelele. Kisha akauliza kama nimekula. Nina miaka arobaini na saba! Sikuwa nimekula.

Ijumaa, 12 Juni

Upande wa kulia. Neno lenyewe linajieleza, maana leo nusura nilie.

Vimekaa! Lakini vimeinamia nje kama paa la kibanda. Nikajipa moyo kwamba ni ubunifu, mvua itateleza vizuri. Nikakanyaga ili kuwaonyesha. Aliyeteleza ni mimi. Kitako chini, pwaa! Mbele ya Mama, mke wangu na kichwa cha Profesa juu ya ukuta.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama ameuliza kama nimeumia, kisha akaniambia niache tu, mwanangu, atakwenda siku nyingine goti likipoa. Baadaye nimemwona dirishani analikunja gauni lake la bluu, alilokuwa amelitundika tayari kwa Jumapili, analirudisha sandukuni. Analikunja taratibu, anapapasa kila mkunjo. Imeniuma sana. Nimekwenda nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta spana. Dada yake ana miaka themanini na moja. Hiyo siku nyingine ni ipi?

Jumamosi, 13 Juni

Nimepata akili: washa nene, vile vipete vya chuma vya kuvisha bolti! Nikizipachika chini ya vile vyuma vya kushikilia, vikanyagio vitainuka. Nimetoka mapema kuzitafuta. Maduka manne. Hakuna unene ninaoutaka. Nimerudi saa kumi jioni mikono mitupu, miguu inauma, nawaza nitamwambia nini Mama.

Makubwa! Vikanyagio vimenyooka! Vimelala sawasawa kama meza. Nimeelewa hapo hapo: jua. Chuma kikipigwa na jua kutwa nzima hujinyoosha chenyewe. Nimewaeleza wote, hatua kwa hatua. Profesa, ambaye sijui kwa nini alikuwa anakunywa chai barazani kwetu, ameinamia kikombe chake. Mke wangu ana grisi mpaka viwiko. Nimemwuliza, amesema alikuwa anaosha sufuria. Maskini, anafanya kazi nyingi mno.

Jumapili, 14 Juni

Mama amepanda! Nilikuwa nimeinama nakagua nati ya mwisho, nikasikia mkono kichwani. Akaniegemea, akakanyaga mguu mmoja, wa pili, huyo ndani! Na mkono hakuuondoa haraka. Alinipapasa nywele kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani akinipeleka shule. Nikasema leo kuna vumbi jingi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kwa mama mkubwa tulikuwa hata hatujaingia ndani. Ameliona gari langoni, akaja na fimbo yake, nusu kutembea nusu kukimbia. Mama akateremka mpaka kwenye kikanyagio, akakaa papo hapo, mlango wazi, na dada yake akajibana kando yake. Wamekaa hapo mchana wote, mikono imeshikana. Mama anasema, mwenzake anamtazama midomo, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Sijui walisemezana nini. Sikutaka kusogea nikawaharibia. Nimefurahi, jamani, nimefurahi kweli. Mke wangu amenisogelea, ameniambia kazi nzuri. Nimemjibu kwamba ni kipaji tu.

Wakati wa kuaga nimemsindikiza mama mkubwa chumbani kwake. Kumbe kitanda chake kiko juu mno! Anakipanda kwa magoti na mikono, mama wa watu, usiku na mchana. Imenigusa. Mke wangu ameshauri, kwa upole sana, tumwite seremala. Seremala wa nini? Jumamosi naja na msumeno, naipunguza miguu ya kitanda mwenyewe. Naanza na mmoja, naangalia umekaaje, kisha naifuatisha mingine. Ni minne tu. Itanishinda nini?