Tumpeko ni Tumpeko

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, serikali sijui ngapi, na daktari aliyenikataza chumvi. Bado napika! Jikoni kwa polisi hapa Nsambya hakuna askari aliyewahi kurudisha sahani yangu. Alirudisha mmoja. Walimhamisha.

Jumamosi mjukuu wangu Aloyo anaolewa. Wakwe ni watu wa Mengo, wanakula polepole huku wakitazamana. Nimetangaza: malakwang nitapika mimi. Ile mboga yetu ya kaskazini, majani machachu yanayopoozwa kwa odii, rojo la karanga na simsim. Aloyo alimtaka Bibiane, Mkongo mwenye kibanda cha mboga. Nikakohoa mpaka akakubali. Macho yake mekundu. Vitunguu, nadhani.

Jumanne, 4 Februari
Kero. Mimi napima kwa tumpeko, kikombe cha plastiki cha nusu lita, tangu enzi za jikoni. Majani yaliyokatwa, tumpeko sitini. Bibiane anauza kwa kilo! Akasema, Papa, lete tumpeko moja tuijaze majani, tuipime. Mimi? Nipimiwe kibandani? Tumpeko ya maji ni nusu kilo, kambi nzima inajua. Basi ya majani pia nusu kilo. Tumpeko ni tumpeko! Sitini, kilo thelathini. Bibiane akacheka hadi akashikilia nguzo. Eti Papa, majani si maji, unafuga tembo? Nikaagiza kilo thelathini. Na nyongeza nikadai.

Alhamisi, 6 Februari
Majani yamefika. Magunia! Mlango haufungiki. Kitanda sikioni. Jirani yangu Asuman, dereva mstaafu, akauliza ng'ombe wanaingia lini. Wivu.

Ijumaa, 7 Februari
Aloyo alikuja, akasimama mlangoni maana ndani hapaingiliki. Akauliza kama yote yanakwenda chunguni. Yote, nikasema. Nikipunguza, Bibiane atasema alishinda. Akaniambia, Jaja, wakwe wakitema chakula kesho, nitakayeishi nao ni mimi, si wewe. Akaenda zake bila kuaga. Maharusi wana woga.

Jumamosi, 8 Februari
Odii nilipima kwa tumpeko, ya watu sitini, kama siku zote. Majani yote nikatia. Masufuria yakajaa, nikaazima beseni la kufulia.

Bibi yake bwana harusi alionja kwanza. Kijiko kimoja. Jicho moja likajifumba. Machozi! Nikamwambia Asuman, tazama, amekumbuka ujana wake. Asuman akasema labda amekumbuka dawa ya minyoo. Aloyo akaweka mkono mdomoni.

Ghafla nikaitwa meza ya wazee. Heshima! Lakini kwenye tundu la turubai nilimwona Bibiane na mizani yake. Anachota majani yangu, anapima, mengi anatupa, anatia odii aliyokuja nayo. Mwizi wa mapishi!

Sahani zilirudi zimelambwa. Yule bibi akaomba tena, kisha akamkumbatia Aloyo na kumwita mwanangu. Aloyo akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Nikasimama, nikapokea makofi. Bibiane alikoroga tu.

Jumapili, 9 Februari
Bibiane ameniletea mizani yake ya zamani, zawadi. Akasema, Papa, siku nyingine upime kwanza ndipo useme. Vizuri! Nikajaza tumpeko maji mbele yake na Asuman, nikaiweka juu. Mshale ukasimama wapi? Nusu kilo! Pale pale! Bibiane akakaa juu ya gunia tupu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Ameshindwa, maskini. Nilimsamehe.

Mizani kitu kizuri sana. Abalo wa nyumba ya pili anabatiza mtoto, anataka mchicha, tumpeko mia. Kilo hamsini. Nimeshaagiza.

Asiyeamini hesabu hii amuulize Asuman. Mshale aliuona kwa macho yake. Ila angoje kidogo, tunatoa kitanda nje.